Asidi Haichomi Mizizi, Jamani

Juzi huko Ugunja, magharibi mwa Kenya, mzee mmoja alinivuta kando. "Daktari, asidi imechoma mahindi yangu." Nilitabasamu, lakini rohoni nilikuwa nachemka. Wiki hiyo alikuwa mtu wa nne.

Tuliung'oa mche mmoja. Mizizi haikuwa na dalili ya kuungua: mifupi, minene, imedumaa nchani. Hiyo ni kazi ya alumini. Udongo wetu umejaa alumini tangu enzi za mababu, imetulia ndani ya udongo wa mfinyanzi. pH, yaani kipimo cha asidi (ikishuka, asidi imezidi), ikienda chini ya 5.5 alumini huanza kuyeyuka, na ikikaribia 4.5 mzizi unainywa pamoja na maji. Asidi ilifungua mlango tu, mwizi ni mwingine.

Mbona naling'ang'ania hili? Kwa sababu anayeilaumu asidi peke yake humwaga chokaa ya kupunguza asidi na kulala usingizi. Chokaa ni nzuri, na Koru inakochimbwa si mbali. Lakini inaishia jembe lilipofika, sentimita 15 au 20. Chini yake alumini inangoja. Mvua ikikatika wiki mbili mahindi yananyauka, na maji yako papo hapo chini, mizizi haiyafikii.

Sasa kuna mitama ambayo ncha ya mzizi hutema sitrati, ikaifunga alumini nje kabla haijaingia. Sitrati ni ya ukoo wa uchachu wa ndimu! Jeni yake, SbMATE, ilitangazwa 2007 na watafiti wa EMBRAPA, shirika la utafiti wa kilimo la Brazil, na Chuo Kikuu cha Cornell cha Marekani. Chuo Kikuu cha Moi nacho kimeshirikiana nao, maana udongo wa Brazil na wetu una maradhi yaleyale.

Kuipima miche kwenye beseni la maji yenye alumini ni raha tupu: tia rangi ya hematoksilini, mzizi dhaifu unageuka zambarau, mkinzani unabaki karibu mweupe. Shambani? Nimeona mche uliofaulu kwenye beseni ukidumaa vibaya, kwa kuwa fosforasi, chakula cha mmea, nayo imeshikwa na alumini na chuma. Zamani niliapa kwa beseni. Siku hizi siapi.

Na mbolea ya DAP, je, ndiyo ya kulaumiwa? Ndiyo, amonia yake huongeza asidi mwaka hadi mwaka. Hapana, haikuharibu shamba lako kwa msimu mmoja.

"Na jivu la jikoni?" mzee akauliza.

Nikamwambia linasaidia, ila kwa ekari yake mama watoto atapikia kata nzima.