Je, wajua kwa nini mpira wa maji wa kiyoyozi hauruhusiwi kupanda, ilhali waya wake hulazimishwa kupanda?

Ukipita chini ya jengo lenye viyoyozi siku ya joto na tone la maji baridi likakudondokea shingoni, utainua macho na kulilaumu lile boksi lenye feni lililofungwa ukutani. Mara nyingi utakuwa umelionea. Kiyoyozi kinapopoza, mashine ya nje kazi yake ni kutupa joto, na weka mkono mbele ya feni yake uone: upepo unaotoka hapo ni wa moto. Tone lililokuangukia limetoka chumbani. Limepita kwenye mpira mwembamba uliotolewa nje kupitia tundu la ukuta, tundu lilelile lenye mabomba ya shaba ya gesi na waya wa umeme.

Maji na umeme kupita tundu moja ndiko kunakofanya kazi ya ufungaji upande wa nje iwe ya kufikiri. Maji hufuata kitu chochote kinachoteremka, na waya nao huteremka.

Tuanze na maji. Glasi yenye barafu ukiiacha mezani hutokwa jasho, ingawa haivuji. Ni mvuke uliomo hewani unaogeuka maji kwenye uso wa baridi. Koili ya mashine ya ndani, yaani bomba la baridi lililokunjwakunjwa ndani yake, hufanya hivyohivyo. Hewa yenye joto la nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 70 huanza kuacha umande inapogusa kitu chenye nyuzi 24 hivi, na koili huwa na ubaridi uliopita hapo kwa mbali. Kila mita ya ujazo ya hewa hiyo imebeba takriban gramu 21 za mvuke. Kwenye hewa nzito ya namna hiyo, kiyoyozi cha BTU 12,000 (BTU ni kipimo cha nguvu ya kupoza) kinaweza kukamua lita moja au zaidi kwa saa, kwa hiyo usiku mmoja unatosha kujaza ndoo ndogo.

Wengi huyaona maji haya kama hitilafu au taka za mashine. Historia inasema vingine. Mwaka 1902 mhandisi wa Marekani, Willis Carrier, alipewa kazi ya kutatua tatizo la kiwanda cha uchapaji huko Brooklyn, New York. Karatasi zilikuwa zikivimba na kunywea kwa unyevu, na rangi zikashindwa kukaa mahali pake. Mtambo aliousanifu ulikusudiwa kudhibiti unyevu wa hewa. Maji yanayotuudhi leo ndiyo yaliyokuwa yakitafutwa.

Viyoyozi vingi vya ukutani havina pampu ya kuyasukuma maji hayo. Yanadondoka kwenye trei iliyo chini ya koili, kisha yanashuka kwa uzito wake yenyewe. Ndiyo maana mteremko ni kila kitu: angalau sentimita 1 kwa kila mita 1 ya mpira. Tundu la ukuta hutobolewa likiinamia nje kidogo, na ndani ya fungu la mabomba mpira hulazwa chini kabisa, shaba na waya vikiwa juu yake. Mpira ukipanda hata kidogo, kisha ukashuka tena, maji hutuama kwenye bonde lililobaki. Vumbi lililopenya kichujio linakaa humo, ute unaota, na siku moja maji yanaanza kuteleza ukutani chumbani.

Ncha ya nje nayo ina masharti yake. Niliwahi kuitwa na jirani ambaye kiyoyozi chake kilikuwa kikivujia kitandani. Fundi wawili walikuwa wameshakuja na kusafisha trei. Nje nikakuta ncha ya mpira imetumbukizwa hadi chini ya dumu lililojaa maji, na juu kidogo mpira umelegea ukafanya tumbo. Hewa iliyonaswa kati ya maji ya tumboni na maji ya dumuni haikuwa na pa kutokea, ikawa imeziba njia kama kizibo. Niliuchomoa tu. Mpira ukacheua mara mbili, tpu, tpu, kisha maji yakaanza kukimbia. Kama unayakinga maji hayo kwa kumwagilia maua au kupigia deki, acha ncha ining'inie juu ya chombo. Kuyanywa, hapana: yamepita kwenye vumbi na chuma.

Sehemu ya mpira inayopita ndani ya nyumba huvalishwa sponji, kwa kuwa maji yaliyomo ni baridi na mpira wenyewe unaweza kutoa jasho. Ukiunganishwa na bomba la maji taka, lazima pawe na mtego wa maji katikati, yaani kiwiko kinachobaki na maji ya kuzuia hewa, la sivyo harufu itapanda hadi chumbani.

Kuna wakati mashine ya nje hudondosha maji yake kweli. Kiyoyozi kikitumika kupasha chumba joto, koili ya nje ndiyo inayokuwa baridi. Inashika barafu, na mashine huiyeyusha kila baada ya muda. Matundu na kile kiwiko cha plastiki chini ya boksi vimewekwa kwa ajili hiyo. Pasipotumika joto, hupitisha maji ya mvua tu.

Upande wa umeme, hesabu zinadanganya. Kiyoyozi hicho cha BTU 12,000 huhamisha kilowati 3.5 za joto, lakini hula umeme wa kilowati 1 hivi, yaani ampea 4 hadi 5 kwenye volti 230. Birika la umeme hula zaidi. Kwa nini basi kisichomekwe kwenye soketi yoyote? Kwanza, birika huchemka dakika chache, kiyoyozi hukesha. Pili, kompresa (pampu inayosukuma gesi) isiyo ya inveta, yaani isiyoweza kuanza polepole,  inapojiwasha hunyakua mkondo mara tano au sita ya kawaida yake kwa muda mfupi. Na joto ndani ya waya haliongezeki sawa na mkondo: mkondo ukiwa maradufu, joto huwa mara nne. Kwenye waya mwembamba volti hushuka, kompresa inaunguruma bila kuzunguka, na ikiendelea hivyo huungua. Skrubu iliyolegea huleta balaa hilohilo mahali padogo zaidi. Utaona plastiki imegeuka kahawia.

Hivyo kiyoyozi hupewa laini yake kutoka kwenye bodi ya umeme, na breka yake. Kwa ukubwa huo waya wa milimita 2.5 za mraba ni wa kawaida, lakini kauli ya mwisho ni ya maelekezo ya mtengenezaji. Karibu na mashine ya nje huwekwa swichi ya kukatia, fundi anayefanya kazi aione kwa macho yake kwamba imezimwa. Ethi, yaani waya wa kupeleka ardhini umeme uliovuja, haina mjadala: hilo ni boksi la bati linalonyeshewa mvua.

Kati ya mashine mbili hupita waya mwingine, mara nyingi wenye nyuzi nne: moto, nyutro, ethi na mawasiliano. Namba 1 ya ndani iende namba 1 ya nje, na kadhalika. Zikibadilishana, mashine zote mbili ni nzima lakini hazisikilizani, na kioo kinaonyesha namba ya hitilafu.

Sasa turudi kwenye waya unaolazimishwa kupanda, yaani mkunjo wake. Waya ukitoka kwenye tundu na kushuka moja kwa moja hadi kwenye vishikio vya umeme, mvua itatembea juu ya ngozi yake hadi humo. Kwa hiyo fundi huushusha kwanza chini ya mahali unapoingilia mashineni, kisha huupandisha. Tone likifika chini ya mkunjo haliwezi kupanda, linadondoka. Tundu la ukuta nalo huzibwa vizuri, mvua isipate njia ya kuingilia.

Kabla fundi hajakusanya vifaa vyake, mwombe amimine nusu lita ya maji kwenye trei ya ndani, kisha nenda nje ukasimame chini ya mpira. Maji yatoke yote, na yasiangukie swichi.