Kubana picha: kwa nini mstari hufika asilimia 100 kisha ukaganda

Muuza makochi mmoja wa Kibuye, Kisumu, alinipigia simu akilalamika: "Omera, mtandao umelala." Alikuwa anapakia picha 12 kwenye tovuti yake, na kila mara mstari unaoonyesha upakiaji ulifika asilimia 100 ukaganda hapo kama matatu inayosubiri abiria wa mwisho. Mtandao wake haukuwa na kosa. Picha zilikuwa zimeshafika. Seva, yaani kompyuta inayobeba tovuti yake, ndiyo iliyokuwa inahangaika kuzibana.

Kubana picha ni kuiandika upya kwa baiti chache zaidi. Simu yenye kamera ya megapikseli 12 hutoa picha ya vitone, yaani pikseli, 4000 kwa 3000. Kila kitone kikiwekwa kwa baiti 3, picha moja ingekula megabaiti 36. Mzigo huo huuoni kwa sababu simu yenyewe imeshaubana kuwa JPEG, aina ya faili ya picha, ya megabaiti chache tu.

Kubana kuko kwa namna mbili, na zote utaziona Kisumu bila kugusa kompyuta. Beli la mitumba limekandamizwa, lakini ukikata kamba, kila shati limo, limejikunja tu. PNG, aina nyingine ya faili ya picha, hufanya hivyo: haipotezi kitu. Omena, yaani dagaa wa ziwani, nao huanikwa juani kando ya ziwa hadi maji yaishe, gunia likawa jepesi. Ukiwaloweka watalainika, ila hawarudi kuwa wale waliotoka ziwani. JPEG, iliyoanza 1992, ni ya mtindo wa omena. Huikata picha katika miraba ya vitone 8 kwa 8, hupiga hesabu ya kila mraba, kisha hutupa vijimambo ambavyo jicho halitajua kama vimekosekana. Hutupa zaidi upande wa rangi, maana jicho la mtu hutambua mwanga na giza vizuri kuliko tofauti ndogo za rangi. Picha ya vitone milioni 12 ina miraba 187,500 ya namna hiyo.

Na hesabu hizo hazifanywi mara moja. WordPress, programu ya kuendeshea tovuti, kwa kawaida yake hutoa nakala kadhaa za kila picha kubwa: za upande wa vitone 150, 300, 768, 1024, 1536, 2048, na nyingine ya 2560. Kila nakala inapunguzwa na kubanwa peke yake. Picha 12 zinakuwa nakala 84, tena kwenye seva ya bei nafuu inayobeba tovuti nyingine chungu nzima. Ukitaka pia AVIF, aina mpya zaidi ya faili ya picha, jiandae kungoja zaidi: faili zake ni ndogo kuliko za JPEG, ila hesabu yake ni nzito mno.

Nilimwambia apunguze picha kwenye simu kwanza, ziwe 1600 kwa 1200. Hapo vitone vinashuka hadi milioni 1.92, chini ya sehemu moja ya sita, na zile nakala za 2048 na 2560 hazitengenezwi kabisa. Ubora wa JPEG auweke 80 kati ya 100. 100 hunenepesha faili bila mnunuzi kuona tofauti.

Akauliza kama anaweza kutumia zile alizowatumia wateja kwa WhatsApp, maana tayari ni ndogo. Nilimkataza. Hizo zimeshabanwa mara mbili, na simu kisha na WhatsApp, na picha ya kochi la kitambaa cha maua ikibanwa mara ya tatu na seva, huanza kuonyesha miraba ile ya 8 kwa 8.