Ziwa Likipanda, Kijana Akikosa Usingizi: Afya ya Akili na Hofu ya Mabadiliko ya Tabianchi Mkoani Kigoma

Kwa kijana anayekulia mwambao wa Ziwa Tanganyika, mabadiliko ya tabianchi si mada ya darasani tu. Maji ya ziwa yamekuwa yakipanda tangu mvua kubwa za mwaka 2020, na ilipofika Mei 2024 yalikuwa yamefikia kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana tangu mwaka 1964, huku nyumba, mashamba na mialo ya pande zote za ziwa ikimezwa. Mwezi huohuo wa Mei uvuvi ulisimamishwa upande wetu wa Tanzania kwa miezi mitatu, kuanzia tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti, ili samaki wapate nafasi ya kuzaliana. Kijana wa miaka 15 ambaye sare, madaftari na chakula chake vinatoka kwenye dagaa na migebuka aliyaona yote mawili kwa wakati mmoja: maji yanasogelea mlango, na mtumbwi wa baba umefungwa ufukweni. Kama usiku hapati usingizi kwa kuwaza, anayo sababu.

Hilo ndilo jambo ninalowaomba wazazi, walezi na walimu walikubali kabla ya mengine yote. Wasiwasi unaotokana na tishio la kweli si ugonjwa wa akili, wala si dalili ya uvivu au imani haba. Ni namna akili inavyojiandaa kwa hatari, na mara nyingi humsukuma mtu kuuliza, kujifunza na kutenda. Hugeuka kuwa mzigo pale kijana anapoubeba peke yake, hajui ukubwa wa hatari yenyewe, na haoni la kufanya.

Mwaka 2021 ulichapishwa utafiti uliowahoji vijana 10,000 wenye umri wa miaka 16 hadi 25 kutoka nchi kumi, na kwa Afrika nchi iliyohusishwa ilikuwa Nigeria pekee. Asilimia 59 walisema wana wasiwasi mkubwa au mkubwa mno kuhusu tabianchi, na zaidi ya asilimia 45 walisema hisia hizo zinavuruga maisha yao ya kila siku. Takwimu hizo si zetu, na sitazitumia kuwapima watoto wa Ujiji, Kibirizi au Uvinza. Kuna jambo moja humo, hata hivyo, ambalo naamini linatuhusu: miongoni mwa vijana waliojaribu kuzungumza na wengine kuhusu tabianchi, karibu nusu walisema walipuuzwa au maneno yao yalitupwa kando.

Nasi tuna namna zetu za kupuuza. Kijana akiuliza kama ziwa litakuja kukauka samaki, ataambiwa hayo ni ya wakubwa, ashike kitabu. Mwingine ataambiwa ni dalili za siku za mwisho, na mazungumzo yakaishia hapo. Sala ni faraja kubwa katika nyumba zetu na sina nia ya kuipunguzia uzito. Ninachosema ni kwamba mtoto asikilizwe kwanza, ndipo iombwe sala pamoja naye, badala ya sala kutumika kumnyamazisha.

Kinachofuata baada ya kumsikiliza ni kumpa ukweli wenye kipimo, na hapa Kigoma ukweli huo upo wa kutosha. Ziwa hili limewahi kupanda na kushuka. Katika miaka ya 1870 maji yalikuwa juu kuliko yalivyokuwa mwaka 1964, kisha mto Lukuga, ambao ndio mlango wa maji ya ziwa kuelekea Kongo, ukafunguka na ziwa likashuka kwa mita nyingi. Ndiyo maana mahali pa kumbukumbu ya mmisionari na mpelelezi David Livingstone pale Ujiji, palipokuwa jirani na maji mwaka 1871, pakaja kuwa mamia ya mita kutoka ufukweni. Kijana akilijua hili anaelewa kwamba kupanda kwa maji kuna sababu na kuna historia, na kwamba haimaanishi mji mzima utazama. Jambo la samaki ni tofauti na halina wepesi huo: utafiti uliotolewa mwaka 2003 ulionyesha kuwa joto la maji limepunguza mchanganyiko kati ya maji ya juu na ya kina, hivyo virutubisho vinavyolisha chakula cha dagaa havipandi kama zamani. Lakini nyavu za matundu madogo na wingi wa wavuvi nazo zina sehemu yake, na hiyo ni sehemu inayoweza kurekebishwa na watu wa hapahapa. Kumficha kijana habari mbaya hakumtulizi, kwa sababu anazo tayari kwenye simu, tena zimekatwa vipande na kutiwa chumvi. Akitenganishiwa lipi liko mikononi mwetu na lipi haliko, hofu hupata mipaka.

Kutenda pamoja na wenzake husaidia pia. Mkoa huu una bahati ya kuwa na Gombe, hifadhi ya sokwe ambako mtafiti Jane Goodall alianza kazi mwaka 1960, na vilabu vya mazingira alivyovianzisha pamoja na wanafunzi wa Tanzania mwaka 1991 vimeenea katika nchi nyingi. Kitalu cha miche shuleni hakitashusha joto la dunia, na mwalimu asimwahidi mtoto hivyo. Kinampa wenzake wa kuzungumza nao na kazi anayoiona ikikua, na kwa afya ya akili hayo ni mengi.

Wakati mwingine haya hayatoshi. Ukiona kwa wiki mbili au zaidi kijana halali au analala kupita kiasi, hali chakula, amejitenga na rafiki zake, masomo yameporomoka, analalamika kichwa au tumbo bila ugonjwa kuonekana, au anasema haoni haja ya kusoma kwa kuwa hakuna kesho, usisubiri. Zungumza na mwalimu wa malezi na unasihi au afisa ustawi wa jamii, na umfikishe kituo cha afya, ambako anaweza kupewa rufaa kwenda Maweni, hospitali ya rufaa ya mkoa. Namba 116, Simu ya Watoto, hupigwa bila malipo. Na kama una shaka kwamba anawaza kujidhuru, muulize waziwazi kwa upole, kwa kuwa kuuliza hakumpandikizii wazo hilo. Kisha usimwache peke yake, ondoa karibu naye dawa, sumu za shambani na vitu vyenye ncha kali, na umpeleke hospitali siku hiyohiyo.