Kuchapa Kiarabu kwa Herufi za Kilatini: Maana Yake Nini?

Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma anayeandika tasnifu juu ya tenzi za kale, zile zilizoandikwa kwa hati ya Kiarabu, hufika mahali akataka kuonyesha neno kama lilivyo kwenye mswada. Kibodi yake ni ya Kilatini. Si lazima ahangaike kutafuta nyingine: anaweza kuandika neno kwa herufi za Kilatini, programu ikalitoa kwa Kiarabu.

Unukuzi huu hauandikwi kwa kufuata sikio. Kila herufi ya Kiarabu lazima iwe na alama yake peke yake. Chukua habari, haki na hewa. Sisi yote tunayaanza kwa h, lakini asili yake Kiarabuni ni herufi tatu: خ, ح na ه. Katika ArabTeX, programu ya Klaus Lagally wa Chuo Kikuu cha Stuttgart, Ujerumani, ya kwanza huandikwa _h, ya pili .h, ya tatu h tupu. Ukiisahau ile nukta, حق inatoka هق, na mzee yeyote wa Kondoa aliyepita madrasa ataliona kosa papo hapo.

Kinachofuata ni kazi ya programu, na kwangu hapo ndipo penye utamu. Herufi ya Kiarabu hubadili umbo kwa kutegemea imekaa wapi: mwanzo, katikati, mwisho au peke yake. Andika kitAb, A kubwa ikiwa irabu ndefu. Kafu (k) inapewa umbo la mwanzo, te (t) la katikati. Alifu (hiyo A) hushikana na iliyoitangulia tu, haiigusi inayofuata, kwa hiyo be (b) inasimama peke yake: كتاب. Irabu fupi i haipewi herufi; ukiihitaji, inawekwa kasra, kistari cha irabu i, chini ya kafu. Yale mabango ya Maulidi yenye herufi zilizoachana na kupangwa kinyume hutoka kwenye programu za usanifu zisizojua kanuni hizi.

Siku hizi ipo pia programu ya arabluatex ya Robert Alessi, inayopokea unukuzi uleule. Uzuri wake kwa mwandishi wa tasnifu ni kwamba neno aliloliandika mara moja linaweza kutolewa kwa Kiarabu, na pia kwa Kilatini chenye alama za kitaaluma, bila kulichapa upya.