Mke mwenye uraibu wa ngono: ya riwayani na ya kweli

Riwaya za mapenzi zinampenda mke huyu: mume mpole, watoto, kazi nzuri, na simu isiyobanduka mkononi. Uongo unaozaa uongo mwingine waandishi huupatia vizuri. Ugonjwa wenyewe ndio unaowaponyoka.

Dhana: Ana hamu kupita kiasi, au mume hamridhishi.
Wingi wa hamu si ugonjwa. Katika ICD-11, orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani iliyoanza kutumika Januari 2022, tatizo hili lina namba 6C72. Kinachopimwa ni kushindwa kujizuia kwa kipindi kirefu, kama miezi 6 au zaidi. Ngono inatawala maisha hadi watoto, kazi na afya vinawekwa kando. Amejaribu kuacha mara nyingi akashindwa. Anaendelea huku akiona madhara, hata kama raha yenyewe ni ndogo au haipo kabisa.

Hilo la raha kupotea ndilo riwaya nyingi hulikwepa, maana halinogeshi kurasa. Mara nyingi mambo huenda hivi: upweke au msongo, mawazo yasiyotoka kichwani, maandalizi (kufuta meseji, kutunga safari ya saluni), tendo, nafuu ya muda mfupi, kisha aibu. Aibu inarudisha msongo, na mzunguko unaanza upya. Mwandishi makini angetumia kurasa nyingi zaidi kwenye maandalizi kuliko kitandani.

Dhana: Mke akichepuka, basi ni mraibu.
Hapana. ICD-11 inasema wazi kwamba majuto yanayotokana na hukumu ya kimaadili peke yake hayatoshi kumpa mtu ugonjwa huu. Anayejilaumu kwa mchepuko mmoja ana la kuzungumza na mumewe, si lazima na daktari. Hata neno uraibu bado lina ubishi: Shirika hilo limeliweka tatizo hili pamoja na magonjwa ya kushindwa kudhibiti misukumo, mbali na ulevi na kamari.

Dhana: Ni shida ya wanaume.
Utafiti wa Marekani uliochapishwa 2018, uliohoji watu wazima 2,325, ulikuta asilimia 10.3 ya wanaume na asilimia 7 ya wanawake wakisumbuliwa na ugumu wa kudhibiti misukumo ya ngono. Pengo ni dogo kuliko watu wanavyodhani.

Dhana: Lazima kuna siri ya utotoni.
Riwaya huifichua karibu na mwisho. Kwa baadhi ya wagonjwa ni kweli, lakini si kwa wote. Tabia ikianza ghafla, daktari huuliza kwanza dawa anazotumia: pramipexole na ropinirole za ugonjwa wa Parkinson (wa kutetemeka), au aripiprazole ya magonjwa ya akili, zinaweza kuiamsha. Asiziache mwenyewe, amwone aliyemwandikia. Kama pia halali, anaongea mbiombio na anatapanya pesa, huenda yuko katika kipindi cha msisimko mkubwa cha ugonjwa wa hisia mseto (bipolar), na tiba yake ni nyingine.

Dhana: Aungame yote usiku huohuo.
Kisichosubiri ni vipimo vya magonjwa ya zinaa. Kisonono na klamidia kwa mwanamke mara nyingi havina dalili. Kama aliyekutana naye huenda ana VVU, PEP (dawa za kuzuia VVU baada ya kukutana na hatari) huanzwa mapema iwezekanavyo, isipite saa 72, na humezwa siku 28. Kipimo cha VVU cha leo hakioni maambukizi ya wiki iliyopita, kwa hiyo arudie baada ya miezi 3 na atumie kondomu, hata na mumewe. Na hapo ndipo kuficha kunakuwa kugumu, maana mume atauliza kondomu ya nini.

Kuungama kwenyewe kupangwe na mnasihi na kufanyike mara moja. Ukweli unaotolewa vipande vipande humfanya mume asiamini hata kile kilicho kamili. Ataje yanayogusa afya, pesa na watu anaowafahamu mume. Masimulizi ya kitandani hayamsaidii mume. Mke akihofia kipigo, usalama wake utangulie.

Dhana: Mapenzi ya kweli yatamponya.
Tiba inayotumika zaidi ni ya mazungumzo, ya kubadili fikra na tabia. Kazi ya mwanzo ni daftari: kila msukumo ukija anaandika saa, mahali, na alivyojisikia muda mfupi kabla.