Kuhema, zinki na udongo wa kutafuna

“Nikipanda ngazi nahema, mapafu yangu mabovu.” Si lazima. Mama mjamzito anayesimama kila baada ya ngazi tano, viganja vimepauka, na kwenye pochi ana vipande vya udongo wa kutafuna, huenda mapafu yake ni mazima kabisa. Kilichopungua ni damu. Hemoglobini inayobeba oksijeni haitengenezwi bila madini ya chuma; ikishuka, moyo huenda mbio na mtu huhema. Hamu ya udongo yenyewe ni dalili mojawapo ya upungufu huo, na udongo nao unaweza kuzuia chuma kidogo kilichomo kwenye chakula kisifyonzwe. Chai ya rangi ya kusindikizia maharage hufanya vivyo hivyo. Kupima wingi wa damu ni dakika chache tu.

“Basi watoto wote wapewe chuma.” Polepole. Utafiti wa kisiwani Pemba, uliochapishwa mwaka 2006, ulikuta watoto waliopewa chuma na asidi ya foliki kila siku wakilazwa au kufa zaidi kuliko wenzao wasiopewa. Malaria ilikuwa imetapakaa. Ndiyo maana penye malaria, chuma huenda sambamba na kinga na tiba ya malaria.

“Zinki ni ya kuharisha tu.” Ndiko tulikoizoea kweli, vidonge vya siku 10 hadi 14 pamoja na ORS. Lakini kinga ya mwili inayopambana na nimonia nayo inaihitaji, na mtoto anayeshindia ugali wa dona na maharage huambulia kidogo, maana fitati, kemikali ya asili iliyomo kwenye nafaka na kunde, huing’ang’ania zinki isifyonzwe. Kuloweka maharage na kuchachusha unga wa uji hupunguza fitati. Dagaa husaidia zaidi. Ila nimonia ikishaingia, zinki haishiki nafasi ya antibiotiki. Mtoto wa mwaka 1 hadi 5 anayepumua mara 40 au zaidi kwa dakika akiwa ametulia, au kifua kinabonyea akivuta hewa, apelekwe kituo cha afya leo hii.

“Magnesiamu inaponya pumu.” Nusu ya ukweli, nayo ndiyo inayopoteza watu. Hospitalini, pumu kali isiyotulia huongezewa magnesiamu salfeti kwa dripu, dawa ileile ya kifafa cha mimba, ili kulegeza misuli ya mirija ya hewa. Vidonge vya dukani havijaonyesha kufanya kazi hiyo. Pampu ya pumu ibaki mfukoni.