Kwa Nini Mti wa Krismasi wa Alumini Haukufungwa Taa?

Mwishoni mwa miaka ya 1950 na katika sehemu kubwa ya miaka ya 1960, familia nyingi za Marekani zilipamba sebule zao kwa mti wa Krismasi ambao haukujaribu hata kidogo kufanana na mti wa porini: mti wa alumini, uliong'aa kama fedha kuanzia kileleni hadi chini. Kampuni ya Aluminum Specialty ya mji wa Manitowoc, jimbo la Wisconsin, ilianza kuuza miti yake iitwayo Evergleam mwaka 1959, na katika takriban miaka kumi ikatengeneza zaidi ya milioni moja. Ajabu ni kwamba mti huo, tofauti na miti mingine ya sikukuu, haukutakiwa kuzungushiwa taa.

Sababu yake imo katika tawi lenyewe. Kila tawi lilikuwa waya uliozungushiwa utepe mwembamba wa alumini, uliochanwachanwa pembeni mithili ya majani ya msonobari, na alumini hupitisha umeme vizuri mno. Taa za mapambo za wakati huo zilichomekwa moja kwa moja kwenye umeme wa nyumbani, ambao nchini Marekani ni wa volti 120. Ikiwa mpira wa waya ungechubuka, au kijipande cha alumini kingepenya ndani ya soketi ya balbu, umeme ungesambaa kwenye matawi yanayogusana, na yeyote ambaye angeushika mti angeweza kupigwa shoti, pengine ya kuua. Shina la Evergleam lilikuwa la mbao, lenye matundu ya kuchomekea matawi, lakini mbao hiyo haikuwa kinga, kwa kuwa hatari ilikuwa katika matawi, mahali ambapo watoto hupenda kugusa.

Suluhisho lilikuwa kuuweka umeme mbali na mti. Taa moja iliwekwa sakafuni, na mbele yake kisahani cha plastiki angavu chenye vipande vya rangi mbalimbali, kwa kawaida nyekundu, buluu, kijani na manjano, kikazungushwa polepole na mota ndogo. Kila kipande kilipopita mbele ya balbu, mti mzima ulibadilika rangi, kwa kuwa alumini huakisi mwanga wowote unaoangukia juu yake. Kwa maoni yangu, katazo hilo liliufaa mti kuliko taa zenyewe zingalivyoufaa, kwani waya wa kijani uliojisokota katikati ya matawi ya fedha ungeuharibia sura.

Wakusanyaji wa vitu vya kale wanaithamini sana miti hii siku hizi, hasa ya rangi ya waridi, ambayo ni adimu. Anayeupata wa zamani hana budi kukagua pia waya wa taa yake ya sakafuni kabla ya kuuchomeka, kwa sababu mpira wa waya wenye umri wa miaka 60 hukauka na kupasuka.